Kuficha si Kuondoa

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, wenye steshenari na wafanyabiashara wa Buguruni, Dar es Salaam



Mafundi wa kompyuta wa huku kwetu, kuanzia Malapa hadi Rozana, wamezoea kupigiwa simu ya namna hii. Mtu yuko steshenari anachapa barua kwa Word. Mkono unateleza, vidole vinabonyeza Ctrl na F1 kwa pamoja, au anabofya mara mbili kwenye mojawapo ya majina yaliyo juu ya utepe wa vitufe. Utepe wote unapotea. Kitufe cha kukoleza maandishi hakipo, cha kupanga mistari hakipo, cha kuweka jedwali hakipo. Mteja amesimama anasubiri barua yake ya maombi ya kazi. Mchapaji anafunga Word na kuifungua tena; utepe bado haupo. Anazima kompyuta na kuiwasha, haupo. Akibofya yale majina ya juu, utepe unashuka kidogo kisha unajikunja tena, na hapo hofu inazidi. Mwisho anaitwa fundi, naye anabonyeza vitufe vile vile viwili na kila kitu kinarudi. Fundi akidai chake simlaumu, maana ujuzi ni mali.

Lakini mchapaji hakuharibu kitu, na kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote. Programu ilitii amri kama ilivyoandikwa. Mtu fulani, mahali fulani, aliamua kwamba utepe uweze kufichwa, kwamba njia ya kuuficha iwe rahisi kiasi cha kuguswa kwa bahati mbaya, na kwamba baada ya hapo skrini isiseme neno. Jioni hii nawazungumzia ninyi mnaotaka kuwa mtu huyo. Ninachodai ni hiki: ukificha kitu kwenye programu yako, acha alama inayoonekana kwamba kipo, na njia ya kukirudisha ambayo mtu ataipata bila kumpigia fundi.

Nalisema hili Buguruni kwa sababu ya namna watu wetu wanavyojifunza. Wapo waliopita VETA Chang'ombe au kwenye vyuo vya mjini, lakini wengi wameijua kompyuta kwa kukaa pembeni ya mwenzao, kutazama, kisha kujaribu. Hawakupewa kitabu cha maelekezo. Wanasoma kilichoandikwa kwenye skrini, wanabofya, wanaona kinachotokea. Mtu wa namna hii hawezi kujifunza kitufe asichokiona. Kwa hiyo anayeficha anaamua pia ni nani atakayejua mashine ile inaweza kufanya nini, na huo ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana kwenye mstari mmoja wa msimbo.

Waliotutangulia walilijua jambo hili mapema. Apple, katika mwongozo wake wa mwaka 1987 kwa wanaoandika programu za Macintosh, iliwataka wasiondoe kwenye menyu amri isiyoweza kutumika kwa wakati huo. Waiache pale pale, ila maandishi yake yafifie. Mtumiaji anaona kwamba amri ipo, na anaona kwamba sasa hivi haiwezekani. Microsoft ilipotoa Office 2000 ilijaribu njia nyingine: menyu zilifunguka zikiwa fupi, zikionyesha amri zinazotumika mara nyingi tu, na zilizobaki zilijificha hadi ubofye mshale mdogo wa chini au usubiri. Nia ilikuwa njema, kumpunguzia mtu msongamano. Matokeo yake menyu ilibadilika sura kulingana na matumizi, na mtu hakuweza kuizoea. Mwalimu hakuweza kumwambia mwanafunzi "nenda amri ya saba kutoka juu", kwa kuwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi ya saba ilikuwa nyingine. Office 2007 ilipokuja, menyu zile katika Word na Excel zilipisha utepe, ambao vitufe vyake vinakaa mahali pamoja.

Hapa kwetu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ninaiheshimu sana. Watu walikaa wakatafuta neno kwa kila amri, moja baada ya jingine, ili Mtanzania afungue menyu na kuisoma kwa lugha yake. Jasho lote lile linamfikia msomaji pale tu neno linapoonekana.

Sasa tuingie kwenye msimbo. Wanafunzi huchanganya mambo matatu. Kuna kukizima kitufe: kinaonekana, ila kimefifia na hakibonyezeki. Kuna kukificha huku nafasi yake ikibaki. Na kuna kukificha na kuikunja nafasi yenyewe, vitu vingine visogee. Abiria wa daladala akishuka kituoni kununua maji akaacha kanga kwenye siti, siti inabaki tupu na hakuna anayeikalia. Akishuka na mizigo yake yote, konda anasema "sogeeni" na pengo linazibwa. Mifumo ya kujenga madirisha inatofautiana kuhusu kanga hiyo. WPF ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2006, inataja hali zote waziwazi: sifa ya Visibility ina thamani tatu, Visible, Hidden na Collapsed. JavaFX ina swichi mbili. Ile ya setVisible huamua kama kitu kichorwe, na setManaged huamua kama kitengewe nafasi. Ukizima ya kwanza ukaisahau ya pili, utabaki na pengo jeupe katikati ya fomu yako. Qt hukunja nafasi yenyewe, isipokuwa umeiagiza iihifadhi. Na kwenye Tkinter, ambayo vijana wengi wa Python huanza nayo, grid_remove huficha kitu na kukumbuka mahali pake, lakini grid_forget husahau kila kitu. Ukikirudisha bila kutaja mahali, kinakwenda safu ya kwanza kwenye mstari mtupu unaofuata, na fomu inavurugika.

Chaguo kati ya hayo matatu lifanywe kwa kufikiria mkono wa anayetumia. Karani wa dukani baada ya wiki chache haangalii tena vitufe. Mkono wake unajua "Lipa" iko wapi. Ukikunja nafasi ya kitufe kimoja, "Futa" inaweza kusogea na kukaa pale "Lipa" ilipokuwa, na mauzo yakafutika mbele ya foleni ya wateja. Vitufe vya kutenda jambo, kwa hiyo, visikunjwe kamwe. Vififishwe. Na kufifia peke yake hakutoshi: mwandishi wa Marekani Joel Spolsky alitoa hoja mwaka 2008 kwamba ni bora kuiacha amri ibofyeke, kisha mtu akiibofya aambiwe kwa nini haiwezekani. Kwa maduka yetu nakubaliana naye karibu moja kwa moja. Kitufe kilichofifia kinamwambia karani "huwezi" na kumwacha hapo hapo. Ujumbe wa "Chagua bidhaa kwanza" unamfundisha kazi.

Kukunja kuna mahali pake, na mahali pazuri zaidi ni fomu inayobadilika kulingana na jibu. Chukueni duka la jumla la karibu na soko letu. Fomu ya mauzo inauliza njia ya malipo: taslimu, simu, au mkopo. Mteja akilipa kwa simu, kinahitajika kisanduku cha namba ya muamala. Akikopa, vinahitajika jina la mdaiwa, namba yake ya simu na tarehe ya kulipa. Akitoa taslimu, hakuna kinachohitajika kati ya hivyo. Kuviacha vyote wazi muda wote ni kumchosha karani na kumkaribisha aandike mahali pasipostahili. Basi viweke vya simu kwenye paneli moja na vya mkopo kwenye paneli nyingine, halafu ficha au onyesha paneli nzima, usihangaike na kisanduku kimoja kimoja. Weka paneli hizo chini ya swali lililozileta, ili karani aone kwamba jibu lake ndilo lililofungua nafasi ile. Kufichwa kwa namna hii kunaacha alama: chaguo la "Mkopo" liko pale juu, linaonekana, na kila mtu anajua ukilibofya kitakuja nini.

Humo humo kuna hatari ambayo nimeiona katika kazi nyingi za wanafunzi. Karani amechagua mkopo, ameandika jina la mdaiwa na tarehe. Mteja anaghairi, anatoa noti. Karani anarudi kwenye taslimu, visanduku vinajificha, anahifadhi. Programu iliyoandikwa kwa haraka inakusanya yaliyomo katika visanduku vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana, na mteja aliyelipa pale pale anaingia kwenye orodha ya wadaiwa. Wiki mbili baadaye anapigiwa simu ya kudaiwa. Hebu fikirieni aibu hiyo, kwa watu wanaofahamiana mtaa mmoja! Wapo wanaotibu kwa kufuta yaliyoandikwa mara tu paneli inapofichwa. Mimi sipendi, kwa sababu karani akigusa "Taslimu" kwa bahati mbaya atapoteza kila alichoandika. Yaache yakae hadi wakati wa kuhifadhi, kisha wakati huo chukua yale tu yanayohusu njia ya malipo iliyochaguliwa.

Mtego mwingine uko kwenye kugeuza kwenyewe, yaani kitufe kimoja kinachoonyesha na kuficha kwa zamu. Njia inayofundishwa upesi ni kuuliza: paneli inaonekana? Kama ndiyo, ifiche. Kama hapana, ionyeshe. Mstari mmoja tu. Ila swali hilo lina majibu mawili tofauti. Paneli inaweza kuwa imeamriwa kuonekana, lakini dirisha lililoibeba bado halijafunguliwa, kwa hiyo hakuna anayeiona. Katika Swing ya Java, isVisible inajibu kuhusu amri, na isShowing inajibu kuhusu kilichopo kweli kwenye skrini. Katika Qt majina yamepangwa vingine: isVisible inahesabu na hali ya madirisha yanayoibeba paneli, na isHidden ndiyo inayojibu kuhusu amri. Mwanafunzi anayetoka Java kwenda Qt akageuza kwa kutumia isVisible kabla dirisha halijafunguka, atajibiwa "haionekani" kila mara, na paneli yake haitajificha hata mara moja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hali iwekwe kwenye kigeu chako mwenyewe, mahali pamoja: njia ya malipo ni mkopo, basi. Kisha kazi moja isome kigeu hicho na kupanga skrini yote. Kamwe usiiulize skrini ikukumbushe ulichoamua.

Wafanyabiashara mlioko hapa mnaweza kudhani haya ni ya waandishi wa programu peke yao. Sivyo: mnaotunza hesabu kwenye Excel mnaficha kila siku. Ctrl na 9 huficha mstari, Ctrl na 0 huficha safu. Excel kwa hili inastahili sifa, kwani inaacha alama: namba za mistari pembeni zinaruka kutoka 14 kwenda 19, na mwenye macho makini anajua minne imelala pale. Lakini tazameni jumla. SUM inajumlisha mistari yote, na iliyofichwa imo. Mtu anaficha mauzo ya jana ili aone ya leo, anasoma jumla chini, na anaamini ni ya leo. SUBTOTAL yenye namba 9 huacha mistari iliyochujwa kwa kichujio, ila bado inaihesabu ile uliyoificha kwa mkono. Ukitaka aina zote mbili zisihesabiwe, tumia namba 109. Tofauti ya 9 na 109 imewahi kuwafanya watu wazima washuku wizi dukani pasipo mwizi.

Na jambo hili limewahi kuwakuta wakubwa kuliko sisi. Mwezi Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilianguka, na Barclays ya Uingereza ikawa inanunua sehemu ya biashara yake. Orodha ya mikataba ilikuwa kwenye faili la Excel lenye karibu mistari 1,000. Mikataba 179 ambayo Barclays haikuitaka ilikuwa imefichwa tu, haikufutwa. Usiku wa kuharakisha makaratasi ya mahakama, kampuni ya mawakili ililigeuza faili hilo kuwa PDF, na mistari iliyofichwa ikaibuka pamoja na mingine. Mikataba isiyotakiwa ikaingia kwenye orodha iliyowasilishwa katika mahakama ya ufilisi ya New York, na mawakili wakalazimika kurudi mahakamani kuomba itolewe. Hata ambaye angeona namba za mistari zimeruka hakuwa na namna ya kujua kwa kulitazama tu faili kwamba iliyofichwa ni mikataba iliyokataliwa. Jambo ambalo limekataliwa liandikwe "limekataliwa", kwenye safu yake, kwa maandishi.

Kutokana na hilo, niwaonye na wanaotumia kuficha kama kufuli. Karani hatakiwi kupunguza bei, kwa hiyo mwandishi wa programu anaficha kitufe cha "Punguza bei" anapoingia karani. Kitufe hakipo, lakini kazi yake bado ipo kwenye programu, na huenda njia yake ya mkato ya kibodi bado inaiamsha. Tena kwenye Windows kuna zana zinazoweza kuyafanya madirisha yaliyofichwa yaonekane. Ruhusa ikaguliwe ndani ya kazi yenyewe na kwenye hifadhidata, kila inapoitwa. Baada ya hapo kukificha kitufe kwa karani ni hisani ya kumpunguzia vitu machoni. Kuficha peke yake kusiitwe ulinzi.

Yuko atakayeniuliza: je, tuonyeshe kila kitu, mtu wa siku ya kwanza azame? Hapana. Mwaka 1984, John Carroll na Caroline Carrithers wa IBM walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu wanaojifunza kompyuta ya kuchapia. Walizuia zile kazi ambazo wanaoanza hukwama nazo. Menyu hazikukatwa; mtu akichagua kazi iliyozuiwa, aliambiwa kwamba kazi hiyo haipatikani kwenye mashine ya mafunzo. Wanafunzi hao walimaliza kazi yao ya kwanza haraka zaidi na hawakupoteza muda mwingi kujinasua kwenye makosa. Angalieni walichofanya: walipunguza hatari, wakaacha majina mahali pake. Mwanafunzi alitoka pale akijua kuna mengine yanamsubiri.

Hapa Buguruni tuna shule ya wanafunzi viziwi, na ningependa kila anayeandika programu katika eneo hili amfikirie mtoto wa shule ile anapokaa mbele ya kompyuta. Programu nyingi, ukibofya mahali pasiporuhusiwa, hutoa mlio na kunyamaza. Kwa mtoto huyo mashine haijasema chochote. Alichonacho ni kile kinachoonekana, na ukikiondoa bila alama umemwondolea mwalimu. Kwa asiyeona hali ni nyingine: visomaji vya skrini kama NVDA, kilichoanzishwa na Michael Curran wa Australia mwaka 2006, husema kile ambacho programu imekitangaza, na hukifuata kitu ambacho kibodi imekishika kwa wakati huo. Ukificha paneli wakati mtumiaji yuko ndani ya kisanduku chake kimojawapo, kibodi inabaki haina pa kushika, na sauti inakatika katikati ya kazi. Hamisha kwanza kibodi kwenye kitufe kilichosababisha paneli ifungwe, ndipo uifiche. Mistari miwili ya msimbo, kwa mpangilio huo.

Limebaki moja linalohusu steshenari zetu hasa. Programu nyingi za mezani hukumbuka mwonekano uliouacha na kuuhifadhi chini ya akaunti ya Windows ya mtumiaji. Waliobuni utaratibu huo walifikiria mtu mmoja na kompyuta yake. Kwetu kompyuta moja inashikwa na mchapaji wa asubuhi, wa jioni, mdogo wa mwenye duka, na mwanafunzi aliyekuja kuomba kazi mtandaoni, wote kwenye akaunti ile ile. Anachoficha wa asubuhi kinamkuta wa jioni, ambaye hakuwepo na hana wa kumuuliza. Kwa programu mnazoandika ninyi, hifadhini mwonekano chini ya jina ambalo mtu anaingilia kwenye programu yenyewe. Na pale ambapo hakuna kuingia kwa jina, rudisheni mwonekano wa kawaida kila programu inapofunguliwa. Na njia yenyewe ya kurudisha isijifiche: kivinjari cha Firefox kwenye Windows, tangu toleo la 4 la mwaka 2011, huficha menyu zake na kuzirudisha ukibonyeza Alt, na nimekaa na watu waliotumia Firefox miaka mingi bila kuiona menyu ya "Mwonekano" hata siku moja. Ninyi iwekeni amri ya "Rudisha mwonekano wa kawaida" juu kabisa, kwa maandishi kamili badala ya kialama, mahali ambapo programu yenu haimpi mtu yeyote uwezo wa kupaficha.